Wimbo Uliokatwa Saa Moja na Robo

Maji yalikuwa ya chumvi. Hilo ndilo Dishon alilolitanguliza alipofika barazani kwa Mwende, Magongo, Jumatatu asubuhi, hata salamu hajazimaliza. Kila saksafoni hutoa maji, alisema. Ni mate ya mpigaji, unaigeuza na kuikung'uta, yanadondoka matone mawili matatu. Lakini saksafoni ya marehemu Oduor siku hizi ikigeuzwa yamwagika maji kikombe kizima, ya chumvi, yananuka tope la mikoko.

"Nimeyaonja, shemeji."

"Ukayaonja!" Mwende hakuinua mguu kwenye cherehani. "Mtu mzima na ndevu zako, unaonja maji ya ndani ya bomba."

Dishon hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata matangani. Hapo Mwende akaanza kumsikiliza.

Mwende alikuwa fundi wa sare za shule na mjane wa miezi minane. Mumewe, Oduor, mchana alikuwa akifanya kazi bandarini, na Ijumaa usiku akipiga saksafoni kwenye klabu ya Dishon, chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la magurudumu, viti thelathini na taa mbili, watu wamekaa kimya kama wako kanisani ila mkononi mna bia. Jazi, walisema. Mwende alisema kelele. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kuzikanyaga ngazi za klabu ile hata siku moja. Oduor alipokufa, wakamzika kwao Siaya, Dishon akauliza saksafoni apewe nani, Mwende akamjibu, "Kaa nayo. Mimi imeshanipigia kelele ya kutosha."

Dishon akakaa nayo, akampa kijana mmoja aitwaye Lenox, miaka ishirini na mitano, mwembamba, hodari. Na tangu mwezi uliopita Lenox alikuwa akipiga wimbo asiofunzwa na mtu. Akifika mahali fulani wimbo hukatika, na Lenox naye pumzi humkatika palepale. Hukaa na chombo mdomoni, macho kwenye ngazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Ijumaa iliyopita midomo ilishakuwa ya buluu, na ni walipomwangusha chini kwa nguvu ndipo akavuta hewa.

"Si umnyang'anye hiyo saksafoni?"

"Nimeifungia kabatini. Akaleta yake. Wimbo uleule, maji yaleyale. Sasa anaupiga hata usingizini, mama yake anasema, kwa mdomo mtupu. Hali chakula. Ukimwona utamlilia."

"Na wateja wanasemaje?"

"Wanapiga makofi. Wanadhani ni ustadi." Dishon akatazama viatu vyake. "Siku hizi viti havitoshi."

"Ndiyo maana umekuja mwezi wa pili, hukuja wa kwanza."

Mwende akamwambia amwimbie huo wimbo, naye akauimba kwa pua, polepole, akipiga goti kwa kidole, mpaka pale unapokatika. Mguu wa Mwende ukasimama. Sindano ikabaki ndani ya kitambaa.

Wimbo wenyewe hakuujua. Alichokijua ni mahali ulipokatika.

Oduor hakuwa na pa kujifunzia. Ploti yao ina vyumba vinane, mna watoto wachanga, mna watu wa zamu ya usiku, na mna Mwende mwenyewe, ambaye jioni kichwa humuuma kwa mlio wa cherehani. Mwaka wa nane wa ndoa alimwambia mumewe, kwa sauti ya kusikika ploti nzima, akaipulizie hiyo kitu porini. Oduor akaenda kweli. Kila jioni akitoka kazini alishuka mpaka Jomvu Kuu, kando ya maji, akasimama mikokoni akapiga kuanzia jua linapotua. Na kila jioni saa moja na robo, wala si dakika moja mbele au nyuma, Mwende alimpigia simu. "Rudi basi. Chakula kinapoa." Oduor alikata wimbo palepale ulipofika, akarudi.

"Wanikata palepale kila siku," alimwambia siku moja, anacheka, akamwimbia kwa pua sauti tatu za mwisho kabla ya simu. "Na wimbo wenyewe ni wako. Siumalizi kwa ajili yako."

"Ukiisha utafanyaje?"

"Nitakupigia."

"Nipigie simu, uje na unga."

Walicheka wote wawili. Basi, hayo ndiyo yote waliyowahi kuambiana duniani juu ya wimbo ule. Oduor alianguka kazini Jumatano moja mchana, moyo, akafa kabla ya gari kufika. Jioni ile hapakuwa na saksafoni mikokoni, wala hakuna aliyepiga simu.

Dishon ndiye aliyejua njia ya kwa Bi Mwanatabu, mtoa majini, huko huko Jomvu Kuu. Mwende alikwenda na kitambaa cha kanisa kichwani, makusudi, ili ijulikane.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Bi. Nisikufiche."

"Na mie ni mtu wa msikiti. Jini hakutuuliza." Mwanatabu alimsikiliza huku anachambua ubani kwenye sinia, mbaya huku, mzuri kule. Mwende alipomaliza, bibi akainua uso. "Mumeo ndiye yule Mjaluo wa filimbi kubwa? Nalimjua. Nalimwambia, baba we, ondoka hapa magharibi, pana wenyewe. Akanijibu, Bi mkubwa, na nyumbani pana mwenyewe pia."

Mwende akainama. Maneno ya Oduor hasa; alimsikia.

"Sasa nisikilize. Huyo si mumeo. Ukianza kunililia hapa kwamba ni mumeo nitakutoa nje. Mumeo kafa, kazikwa. Huyu ni wa mikokoni, alikuwa akimsikiliza. Miaka mingapi?"

"Kama kumi."

"Kila magharibi, miaka kumi! Mtoto wa shule hasomi hivyo. Kajifunza yote. Kajifunza wimbo, kajifunza pumzi, kajifunza na kungoja simu. Alipoona mwenyewe haji, akamfuata kwenye chombo chake, na chombo kina kijana mdomoni. Sasa kampanda kijana. Akifika pale wimbo unapokatwa, angoja aitwe. Haitwi. Naye hajui kwamba binadamu hupumua anapongoja."

"Tufanyeje?"

"Apigiwe apande, nimtoe nimrudishe kwenye maji. Ijumaa nitakuja. Ndani siingii, pana pombe, nitakaa ngazini. Wewe utakaa mbele, akuone wewe, asizungukezunguke kutafuta. Lakini usitie neno. Kijana akianguka, usitie neno. Jini akiitwa nyumbani na mwenye nyumba, mie sina kauli tena."

Ijumaa Mwende alivaa gauni lake la Krismasi. Alijiona mjinga kulivaa, akalivua, akalivaa tena. Ngazi zilikuwa kumi na saba. Alizihesabu, kwa kuwa alikuwa akiambiwa habari zake miaka yote bila kuzijua idadi. Mwanatabu alikuwa keshafika, kakaa ngazi ya tatu kutoka juu na buibui lake na chetezo chake, na wateja wanampita kwa adabu. Mmoja alisema, "Leo Dishon katuletea na udi! Klabu imepanda daraja." Bibi akamwambia apite haraka kabla hajamtia ndani ya chetezo.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokifikiria. Ukutani palikuwa na picha ya Oduor, anacheka, shati aliloshona Mwende mwenyewe. Dishon alimweka kwenye meza ya mbele, karibu hata angeweza kunyoosha mkono akamgusa mpigaji, akamletea soda. Lenox alipotoka, Mwende aliona kweli: shingo imekonda, macho yamezama, suruali imefungwa kwa kamba chini ya mshipi.

"Mama," Lenox alimnong'oneza akipita, "unaujua mwisho wake? Kama unaujua niambie. Nikiujua nitapona."

"Siujui, mwanangu."

"Nilidhani utaujua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Walipiga nyimbo mbili za kawaida. Ya tatu hakuna aliyeitaja. Dishon, aliyekuwa akipiga besi, aliondoa mkono kwenye nyuzi, mpiga ngoma akaweka vijiti chini, na harufu ikaingia kabla ya sauti, harufu ya tope linapobaki wazi maji yakishatoka, na moshi wa udi kule ngazini ukalala chini kama umekanyagwa, kisha Lenox akafumba macho akaanza, na Mwende, aliyekuja amejikaza kwa kila kitu ila hilo, akasikia cherehani yake. Ilikuwamo. Ile kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mshono mrefu wa pindo la sketi na mshono mfupi wa kifungo, na juu yake mvua ya mabati ya mwaka ule paa lilipovuja wakalala na sufuria kitandani, na mtoto wao mmoja aliyezaliwa hakulia, ambaye hawakumtaja tena katika maisha yao, naye Oduor alikuwa amemtaja, amemtaja huko mikokoni kila jioni kwa miaka kumi, mbele ya kitu kisichokuwa na masikio ya binadamu, kwa sababu mwenye masikio alimwambia akaipulizie porini. Mwende hakulia. Alikaa na soda yake mkononi, akasikiliza kila kitu alichokuwa amekinyamazisha, na akajua kwamba alisikilizwa, miaka yote alisikilizwa, hata anapogomba.

Wimbo ukakatika.

Maji yakaanza kudondoka kutoka mdomo wa saksafoni, tone, tone, sakafuni. Watu walikuwa na viganja tayari kwa makofi. Lenox akafumbua macho, na safari hii hakuyaelekeza ngazini. Aliyaelekeza kwa Mwende, nayo yalikuwa na maji hadi ukingoni, hayapepesi. Kifua kimesimama.

Ngazini Mwanatabu alianza kusoma, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Taa moja ikazimika. Lenox akageuka rangi, kijivu cha jivu, mishipa ya shingo imetoka kama kamba, vidole bado viko juu ya vitufe mahali pale pale, na bibi anasoma, na maji yanadondoka, na mtu wa nyuma akaguna, "Huyu vipi?" na Dishon akainuka akashikwa na woga akakaa tena. Goti moja la Lenox likakunjika. Midomo ikawa ya buluu.

"Usitie neno!" Mwanatabu alikemea kutoka ngazini. "Atoka! Naona atoka, mwache!"

Labda alikuwa anatoka kweli. Goti la pili likakunjika, lakini macho hayakumwacha Mwende. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama gizani kando ya maji, ameshika simu, anangoja ilie.

"Rudi basi," Mwende alisema. "Chakula kinapoa."

Lenox akavuta pumzi moja ya kutisha, kama mtu anayetolewa kisimani, akaanguka kifudifudi, akatapika maji, akalia kwa sauti yake mwenyewe akimwita mama yake. Watu wakapiga makofi. Wachache, kisha wengi. Wajinga hawakosekani.

Mwanatabu alikuwa keshazima chetezo. Mwende alipofika ngazini, bibi hakumtazama.

"Kijana alikuwa anakufa, Bi."

"Kidogo tu ningemtoa."

"Una hakika?"

Bibi akaanza kukusanya ubani wake. "Sina," alisema. "Nawe je, umemwita kwa ajili ya kijana, ama kwa ajili yako?"

Mwende akafunga mkoba wake. "Shikamoo, Bi," akasema, ingawa walishaamkiana, akashuka.

Alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Barabara ya Magongo ilikuwa na malori yake na wachoma mahindi wake, watu tele, na katikati ya kelele zote hizo alisikia viatu vilivyolowa, hatua kumi nyuma yake, visivyoharakisha. Hakugeuka. Kwenye ploti, mbuzi wa jirani akakata kamba akakimbia. Mwende akafungua mlango, akauacha wazi kwa muda mrefu kuliko anaohitaji mtu mmoja kuingia, kisha akafunga.

Akapasha moto ugali na samaki wa mchana. Akapakua sahani moja. Akasimama. Akapakua ya pili.

Gizani upande wa kitandani wimbo ulianza, bila chombo, kwa pumzi tu. Cherehani, mvua, mtoto. Mwende alikaa mezani mikono mapajani, na safari hii alijiapia kwamba hataukata. Atanyamaza mpaka asubuhi ikibidi, wimbo umalizike, ausikie mwisho wake mara moja tu. Ukafika pale. Ukakatika.

Alingoja. Kile kitu nacho kikangoja. Maji yalidondoka sakafuni. Alingoja mpaka mafuta ya samaki yakaganda juu ya sahani, na hapo ndipo alipofahamu kwamba mwisho haumo. Kilichokuwa gizani hakikuwahi kuusikia. Mwenye nao alikuwa Siaya, chini ya udongo, na aliyemzuia kuupiga alikuwa yeye.

Basi akasema tena, taratibu, kwa kuwa hakuwa na neno jingine la kusema na kile kilikuwa kinalingoja:

"Rudi basi. Chakula kinapoa."

Kiti cha pili kikavutwa.