Mnara wa Saba wa Qarnat

Mwangwi hurudisha neno ulilolitupa wewe. Hauna neno lake. Humaid alilijua hilo, kwa hivyo alipopiga hodi kwenye mnara wa saba wa Qarnat, mchana kweupe, na ndani ikasikika sauti ya kike ikisema "Karibu," alicheka kwanza, kisha akarudi nyuma.

Qarnat ni hame, juu milimani nyuma ya Bahla, Oman: minara saba ya mawe, msikiti usio na paa na falaji, mfereji wa maji wa kijiji, iliyokauka. Ofisi ya mambo ya kale ya Nizwa ilimtuma Humaid akipime kijiji hicho na kuandika historia yake. Minara sita ilikuwa wazi. Wa saba ulizibwa mlango kwa mawe na chokaa, ukabakizwa upenyo wa kupitisha sahani tu. Asubuhi ile mafundi walitoa mawe ya kutosha mtu kuingia, wakashuka kupumzika. Humaid alifundishwa na mama yake, Bi Khole, mzaliwa wa Unguja, kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila ya hodi, hata ikiwa gofu. Basi akapiga hodi. Lakini Mwarabu gani wa milimani angemjibu "karibu"?

Hakuingia. Wakati wa chakula alimhadithia mama yake kama kichekesho.

"Upepo tu, mama, wallah."

"Upepo haujui Kiswahili," alisema Bi Khole, akaacha kula.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, Ghalia, mkewe Humaid, alimkuta binti yao Israa amelala sakafuni, uso na mikono imepakwa liwa mpaka kucha. Mtoto wa miaka sita, na liwa ndani ya nyumba ile haikuwapo. Chumba kilinuka msandali uliosagwa sasa hivi, na chini ya msandali harufu nyingine, ya kitambaa kilichofungiwa kidonda.

"Nani kakupaka, habibti?" Ghalia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yaya," alijibu Israa. Halafu, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" tu, akaendelea kwa Kiswahili safi cha zamani: "Kasema nisijikune. Wenzangu walijikuna, wakafa wote."

Homa ikampanda. Hospitali walimpima damu wasione kitu, na vipele vikaanza kumtoka. Siku ya tatu mtoto akawa hanywi hata maji, na Humaid akamleta Sheikh Hood, mzee anayesomea wagonjwa, ambaye wazee wake walishuka kutoka Qarnat. Alimsomea Kurani, mtoto asipate nafuu. Kisha akamvuta Humaid ukumbini.

"Umeandika Qarnat ilihamwa kwa sababu gani?"

"Ukame, sheikh."

Waandishi wa historia huupenda sana ukame. Ukame hauna mtu wa kulaumiwa.

"Falaji ilikauka baadaye," alisema Hood. "Iliingia ndui. Watoto wagonjwa walitiwa mnarani pamoja na yaya aliyeletwa kutoka Unguja, mtumwa, jina lake hakuna aliyelihifadhi, na bwana wake mwenyewe ndiye aliyeziba mlango. Alimwambia: watunze, usitoke, siku nitakapokuja kukutoa nitakupigia hodi kwa lugha yako. Wakawapitishia chakula kwenye upenyo, kisha wakaogopa, wakaacha. Mwezi ukapita, miezi sita ikapita, wamo mle bila maji wala tonge, na kila anayepita chini ya mnara anasikia mwanamke akiitika karibu, karibu, karibu, mpaka watu wakashindwa kulala, wakashindwa kusali, wakabeba milango yao wakahama. Maiti harudi, mwanangu. Lakini jini aliyekuwa naye mle ndani alishika sauti yake na amana yake. Yeye anangoja hodi. Na wewe umeipiga."

"Huyo bwana alikuwa nani?" Humaid aliuliza, na aliogopa kabla ya kujibiwa.

Bi Khole alikuwa amesimama mlangoni. "Babu yangu," alisema. "Alitoka Qarnat akakimbilia Unguja. Maisha yake yote alikuwa haitiki hodi. Ukipiga, atanyamaza ndani kama hayupo mpaka utaje jina lako. Sisi tukimwita mjeuri."

Ghalia akapiga ukelele. Wakakimbilia chumbani, na pale, jua la saa nane likiwaka dirishani, wakaona mashuka yakijikunja yenyewe kumzunguka mtoto, taratibu, kwa mapenzi, mkono usioonekana ukimkandika liwa juu ya midomo na puani mpaka pumzi ikawa inatoka kwa mluzi, na Ghalia anaikwangua kwa kucha zake na analia na liwa inarudi, inarudi, na ile harufu ya kidonda imejaa chumba chote hata Hood aliyefungua kinywa asome akabaki anatapika.

Bi Khole akaketi kitandani.

"Mwachie," alisema polepole. "Huyu ana mama yake, unamwona. Ahadi ni ya babu yangu na mimi ni damu yake. Nipande mimi."

"Usifanye, Bi Khole!" alinong'ona Hood.

"Njoo," Bi Khole alisema, akavua mtandio wake akainamisha kichwa.

Mashuka yakalegea. Israa akakohoa, akamnyoshea mkono mama yake, akaomba maji kwa Kiarabu. Ghalia akambeba akatoka naye mbio.

Humaid akapiga magoti mbele ya mama yake. Akamwita mara mbili. Bi Khole akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama bwana wa nyumba, na macho hayakumjua.

"Bwana," alisema kwa sauti changa, "watoto wote wameshakufa. Nimewaosha, nimewafunika. Sasa nipe ruhusa nitoke."

"Toka, mama," alilia Humaid. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na ukumbi, na ua wenye jua. "Nakuomba, toka."

Bi Khole alisubiri, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyezibiwa mnarani anayesikiliza ukutani asisikie jibu. Kisha akaomba tena ruhusa ile ile.