Sakafu ya Mkaguzi

Fundi wa vigae alikuwa na sakafu moja aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa sebuleni kwake. Alipanga kigae cheupe, kigae cheusi, cheupe, cheusi, kutoka mlangoni hadi jikoni. Viling'aa hata ungeweza kuvifanya kioo cha kuchania nywele. Majirani walikuja kuitazama, naye alimwuliza kila mmoja swali analowauliza wateja akimaliza kazi: "Imepita?"

"Imepita, fundi," walimjibu. Kichwa kikamvimba, na alistahili, maana hapakuwa na mstari uliopinda.

Mtu mmoja tu hakuipitisha. Binti yake wa miaka sita.

Nyumbani walimwita Mkaguzi, kwa sababu hakanyagi mahali kabla ya kupagusa kwa kidole cha mguu. Tangu vigae vile viwekwe, hakuvuka tena sebule. Alipita kando kando, mikono yote miwili ukutani. Jioni baba aliporudi kazini, alichuchumaa mlangoni na kufungua mikono.

"Njoo basi, mama," alimbembeleza.

Mtoto alibaki kule jikoni, akimtazama. Hilo lilimuuma baba kuliko alivyoonyesha.

"Jeuri tu hiyo," alimwambia mkewe.

"Si jeuri. Ni usonji wake," mkewe alijibu.

Ni kweli mtoto alikuwa na usonji. Waliambiwa hivyo alipokuwa na miaka minne. Alisema maneno machache, mengi akiyarudia kama alivyoyasikia. Lakini tangu siku ile kila kitu walikisukumia huko. Akimimina maji nje ya kikombe, usonji. Akiukosa mpira uliorushwa taratibu, usonji. Hakuna aliyefikiria macho.

Jumamosi moja jirani alikuja kuazima ngazi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Alimkuta Mkaguzi ukutani, ameinamisha kichwa upande, amefumba jicho moja. Muuguzi akaisahau ngazi.

"Fundi, mwanao amepimwa macho lini?"

"Macho yake mazima, dada. Anaokota sindano iliyotushinda sisi."

"Kukiona kitu ni jambo moja. Kujua kiko mbali kiasi gani ni jambo jingine. Hapo macho mawili lazima yashirikiane. Watoto wengi wenye usonji hupata shida hiyo, ingawa si wote. Hukosea kikombe, hujikwaa, hujigonga mlangoni. Wala hawalalamiki, kwa sababu hawajawahi kuona vingine."

"Na sakafu yangu imemkosea nini?"

"Hebu chuchumaa hapa, uwe sawa na yeye. Fumba jicho moja. Kwako kile cheusi ni kigae. Kwake huenda ni shimo."

Fundi alichuchumaa. Alitazama vigae vyeusi kimoja kimoja, mpaka mlangoni, pale anapomwitia mtoto kila jioni.

"Kumbe namwita avuke mashimo," alisema polepole. "Tena nimeyachimba mwenyewe."

"Usijilaumu. Mtazame yeye. Anaogopa, na bado amejitafutia njia bila kufundishwa na mtu. Mimi namvulia kofia."

Jumatatu walikwenda kliniki. Fundi alihofia herufi za ukutani, maana mtoto hakujua kusoma. Daktari hakumwuliza herufi hata moja. Alimwachia kwanza tochi aichezee. Kisha akammulika, akamwonyesha picha, akampima. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu, na macho yote mawili hayakuelekea mahali pamoja. Akamwandikia miwani.

"Miwani haiondoi usonji," daktari aliwaambia. "Itamsaidia kuona. Mzoesheni polepole, wakati wa mchezo anaoupenda. Kikombe chake kiwe na rangi tofauti na meza. Mpira uwe mkubwa. Kwenye kingo za ngazi na vizingiti bandikeni utepe wa rangi kali. Na mrudi tarehe niliyoandika, tumpime tena."

Jumapili fundi alichukua nyundo na patasi, akapiga magoti sebuleni.

"Unavunja sakafu hii?" mkewe aliuliza. "Hii uliyoitangaza mtaa mzima?"

"Nyumba hii nilimjengea nani?"

Mkewe alileta ndoo ya kubebea vifusi.

Fundi aliweka vigae vya rangi moja, visivyong'aa. Kwenye kizingiti cha jikoni alipaka mstari wa njano. Majirani walioizoea ile ya kwanza walishika vichwa. Safari hii hakuwauliza kitu.

Miwani nayo ilikuwa na visa vyake. Wiki ya kwanza ilikaa usoni dakika tano, kisha ikaonekana chini ya godoro. Wiki ya tatu Mkaguzi aliivaa mwenyewe akicheza. Bado alijigonga mara moja moja, lakini maji yalianza kuingia kikombeni.

Jioni moja fundi alirudi, akachuchumaa mlangoni kwa mazoea. Hakumwita mtoto. Mkaguzi alikuwa amesimama jikoni, miwani puani. Alivuka mstari wa njano. Akagusa kigae cha kwanza kwa kidole cha mguu, akagusa cha pili. Kisha akaja, katikati ya sebule, mbali na ukuta, mpaka kifuani kwa baba yake.

Katika kazi yake yote fundi hakuwahi kujivunia sakafu kama hiyo. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Imepita, mama?" aliuliza.

Mkaguzi alitazama nyuma, alikotoka.

"Imepita," alisema.