Ufunguo Wenye Utepe Mwekundu

Hivi wewe umewahi kukaa ndani ya treni inayoingizwa tumboni mwa meli? Sisi wa kisiwa cha Sisili tumezoea. Mabehewa yanasukumwa taratibu, taa zinazimwa, kisha kila mtu anapanda juu kwenye baa ya meli kula arancini, ile mipira ya wali iliyokaangwa yenye nyama ndani. Hata aliyeshiba anakula. Usipoila, bado hujafika nyumbani.

Siku hiyo meli iling'oa nanga saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne na nusu, Melina Crisafulli alirudi behewani, chumba namba saba, akafungua mkoba wake wa kahawia, akapiga ukelele.

"Ufunguo wa nyumba ya baba! Haupo!"

Ulikuwa ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja, umefungwa utepe mwekundu. Kesho yake saa tatu Melina alikuwa amkabidhi mnunuzi wa nyumba, kule Milazzo. Pochi ilikuwepo. Saa mpya aliyonunua Vienna ilikuwepo. Ufunguo tu ndio uliotoweka.

Rafiki yake Santina aliinama akatazama chini ya viti. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea, stesheni ya Messina, akisikiliza watu wakidai miavuli isiyokuwa yao. Tena yeye ndiye aliyemtafutia Melina yule mnunuzi.

"Mimi na wewe tulikuwa kwenye benchi kule juu, hata baa hatukufika," alisema. "Behewani alibaki nani?"

"Nani tena? Placido, mhudumu wa behewa! Tukishuka tu, namwita polisi."

Placido alisikia. Alisimama kwenye ujia na rundo la shuka, uso umemsawajika.

"Mama, mimi nina onyo moja tayari. Likija la pili naachishwa kazi. Nina watoto watatu."

"Ungewafikiria kabla hujatia mkono mkobani mwangu!"

Santina alimgeukia Sarina, mdogo wake Melina, aliyekaa dirishani amekumbatia bati la biskuti za Vienna.

"Na wewe, shoga? Ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambieni naenda baa? Foleni ndefu, usiseme. Nimekula arancini mbili, za motomoto, mpaka ulimi nimeunguza."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Kabla yenu kidogo tu. Mkoba sikuugusa."

Santina alitoka, akaufunga mlango, akamvuta Placido mwisho wa ujia.

"Mwanangu, niambie kweli. Ulikuwemo behewani muda wote?"

"Muda wote, mama."

"Mbona unaziangalia shuka? Niangalie mimi."

Placido alishusha sauti. "Nilishuka. Nilikuwa nyuma ya ngazi, navuta sigara, na huku chini imekatazwa kabisa. Dakika ishirini hivi. Muulize mpishi wa baa, tulikuwa naye."

"Mpishi wa baa? Na wateja je?"

"Wateja gani, mama? Kikaango kimeharibika tangu alfajiri. Baa imefungwa, mlango una kufuli. Leo meli nzima haijala hata punje ya wali."

Santina alikumbuka zile arancini mbili za Sarina. Angeweza kunyamaza. Zilibaki dakika kumi kufika Messina. Melina angepiga kelele zake, kijana angepelekwa polisi, na urafiki wa miaka hamsini ungesalimika. Aliona haya kwamba wazo hilo lilimjia upesi namna ile.

Akarudi ndani.

"Sarina," alisema polepole, "Placido alikuwa chini anavuta sigara na mpishi wa baa. Baa imefungwa leo. Kikaango kimeharibika. Hizo arancini umekula wapi?"

Sarina akalivuta bati karibu zaidi.

"Santina, umeanza kuota?" Melina alifoka. "Kila mtu anakula arancini!"

"Ndiyo maana amesema amekula. Hakwenda hata kuchungulia. Shoga, lifungue hilo bati."

Sarina akalifungua. Kati ya biskuti, utepe mwekundu ulichungulia.

"Nilienda nao mpaka ukingoni niutupe baharini," Sarina alinong'ona. "Mkono ukakataa. Nilijua hautazuia kitu, kufuli hubadilishwa. Nilitaka tu kesho isifike. Nikaja kukaa hapa, nikamsikia yule kijana akitajwa mwizi, na nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Melina alikaa. Aliutazama ufunguo, kisha mlango ambao nyuma yake Placido alikuwa bado anakunja shuka. Akainuka, akamfungulia.

"Nimekuvunjia heshima, kijana. Nisamehe. Na hiyo sigara mimi sijaisikia."

Aliporudi, alikaa karibu na mdogo wake. "Siku kumi na mbili, Sarina. Vienna, Praha, Roma. Nimekutembeza ufurahi kabla hatujauza. Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza? Baba alikuachia wewe. Mnunuzi mkamtafuta wewe na Santina. Mimi mkanionyesha tiketi."

Santina alitazama mikono yake mwenyewe. Ni kweli. Siku ile ya kupanga kuuza, mezani kwake kahawa zilikuwa mbili tu, wala hakuna aliyekumbuka kikombe cha tatu.

Meli iligonga gati, behewa likatikisika. Melina aliuchukua ufunguo, akaupangusa ungaunga wa biskuti, akauweka mapajani mwa mdogo wake.

"Haya, nakuuliza leo. Unataka nini?"

Sarina alilia kwanza. Kisha akasema:

"Sikutaka Vienna, dada. Nataka kwenda kulala chumbani kwa mama, katika nyumba ile ya baba."