Ujumbe Uliofika Upande wa Vyerehani

Harieth aliingia kwenye kibanda cha simu akiwa ameikumbatia simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyemwokota mtoto barabarani. Ilikuwa Jumamosi na soko la Bariadi lilikuwa limefurika. Watu wa Sapiwi walishuka na kuku na dengu, spika ya muuza dawa ya panya ilirudia maneno yaleyale tangu asubuhi, na kwenye ujia ule mwembamba wa maduka watu walipishana kwa mabega.

"Imeanguka?" aliuliza mwenye kibanda.

"Imevutwa. Na cherehani."

Kijana akainua macho. Aliitwa Mudathiri, mzaliwa wa Nyalikungu kule Maswa, mrefu, mtaratibu, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Aliyemwona mbele yake ni dada mwenye gauni la kitenge cha njano, mikono ya puto, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakuwa amewahi kumwona, ingawa meza za mafundi vyerehani zilikuwa hatua nane tu kutoka kwake, ng'ambo ya ujia. Harieth alikuwa amehamia pale wiki hiyohiyo.

Alimweleza yaliyompata. Mchana anashona, jioni anasoma QT, ile sekondari ya watu wazima, na mwalimu wa fizikia huwarekodia masomo wayasikilize wakiwa kazini. Simu yake ilikuwa kubwa kama daftari, haingii mfuko wowote, kwa hiyo huiweka juu ya meza ya cherehani na kuvaa hedifoni zake za waya. Leo waya uliingia kwenye gurudumu, gurudumu likaiburuta simu mpaka sakafuni. Mudathiri alishauri anunue simu ndogo. Harieth akasema kwenye simu ndogo haoni michoro ya umeme, na hedifoni zake hazibadilishi kwa sababu ndizo pekee zinazomzuia asisikie soko zima.

"Nataka simu ikae juu ya rafu, mimi nishone, sauti inifuate."

Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Kifaa cha kwanza kilikuwa cha sikio moja, kama wanavyovaa madereva wa bodaboda.

"Sikio moja halikutoshi, dada?"

"Nikiacha moja wazi, mama Apolonia atalijaza." Apolonia ndiye fundi wa meza ya jirani, mama wa makamo, na kweli alikuwa akiongea tangu anafungua mpaka anafunga.

Cha pili kilikuwa cha kuchomeka kwenye gari. Cha tatu ni vile vidude viwili visivyo na waya. Harieth alivijaribu, akainama kidogo kama anavyoinama akishona, kimoja kikadondoka. Akasema hicho kitakuja kushonewa ndani ya suruali ya mtu. Mudathiri alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Hatimaye akatoa adapta nyeusi, ndogo kuliko kiberiti, yenye kibanio cha kushika kola na tundu la kuchomeka hedifoni. Unachomeka za kwako mwenyewe, unaibana hapo shingoni, nayo inaivuta sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kulia na kushoto.

Mudathiri hakuwa na desturi ya kuuza kitu kabla ya kukijaribu, na alikuwa akijaribu kwa simu yake mwenyewe. Aliiunganisha, akaweka muziki, akamvalisha Harieth hedifoni kwa mikono yake. Kisha akaiunganisha na simu ya Harieth pia, akamweleza kwa majivuno kwamba adapta hii inashika simu mbili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo fundi hubonyeza kitufe mpaka taa iwake nyekundu, simu yake isahaulike, mteja abaki na ya kwake tu. Siku hiyo hakubonyeza. Alikuwa anamtazama mteja.

Mapenzi yao yalianza kwa hatua nane hizo. Mudathiri alikuwa akimpigia simu huku wanatazamana.

"Fundi, nakuona hapo. Mbona unanipigia?"

"Dakika zangu zinakufa saa sita usiku, mamaa. Bora zifie kwako."

"Una wateja."

"Hao watarudi. Sema neno moja tu, niende nalo."

"Funga simu."

"Umesema mawili."

Apolonia alikuwa akiguna, anavuta uzi kwa meno, anasema hawa watu wawili watamtia kisukari. Jioni Mudathiri alimsindikiza Harieth mpaka darasani, na Ijumaa akitoka msikitini na kanzu yake nyeupe alimbeba begani Winnie, binti wa Harieth wa miaka minne, kanzu ikarudi na alama za viatu. Mbele za watu alimwita mama Winnie. Wakiwa wawili alimwita Hari. Naye Harieth, binti wa mwalimu Mkristo aliyehamishiwa Simiyu kutoka Bukoba, alijifunza kupika bila kuonja mwezi wa Ramadhani, akamletea futari kwenye hotipoti yenye maua.

Mudathiri alimwahidi jambo moja: kabla msimu wa pamba haujafunguliwa atampeleka Nyalikungu, kwa mama yake. Harieth alishona gauni la safari hiyo. La bluu, mikono mirefu, na mtandio wa rangi hiyohiyo, ili mama mkwe asipate pa kusema.

Hofu yake ilikuwa moja. Bryson, baba yake Winnie, alimwacha mimba ikiwa ya miezi saba. Harieth alimfuata mpaka stendi, akamuuliza mbele ya abiria kama ni kweli anaoa Shinyanga, na Bryson akacheka, abiria wakacheka naye. Tangu siku ile aliapa hatamuuliza tena mwanamume yeyote swali la aina hiyo. Anayempenda atasema mwenyewe.

Ikaja Jumanne moja, mwezi wa nne, mvua imetoka kunyesha na ujia una matope. Mudathiri, ambaye kwa kawaida huizima Bluetooth ya simu yake, aliiwasha kumjaribishia mteja spika, na mteja alipoondoka akasahau kuizima. Harieth alikuwa anapindia sketi ya shule. Mwalimu wa fizikia akanyamaza katikati ya sentensi, na sauti ya mama mtu mzima ikamjaa masikio yote mawili.

"Mudathiri mwanangu, salama? Nimekaa na baba zako wadogo. Huyo dada wa Bariadi sina ugomvi naye. Lakini ana mtoto, na dini si moja, na mimi sina nguvu za kuanza kuwaeleza watu. Kwa kina Asumini wako tayari. Ukiwa na neno, nipigie leo. Ukikubali nijibu tu hapa, kesho tupeleke posa."

Sindano ilisimama. Sauti ilianza tena mwanzo. Kisha mara ya tatu. Harieth aliinua macho, akamwona Mudathiri amesimama kibandani na simu mkononi, anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza. Kisha akatabasamu. Akagusa kioo mara moja, akairudisha simu mfukoni.

Wala Mudathiri hakuwa amesikia kitu. Simu yake ilikuwa imeikuta ile adapta aliyoiuza bila kubonyeza kitufe, na sauti yote ikavuka ujia kwenda kwenye kola ya Harieth. Yeye alichopata ni ukimya. Hakushangaa, kwa sababu mama yake alizoea kurekodi simu ikiwa imeviringishwa kwenye kanga, na nusu ya jumbe zake zilifika tupu. Kumwambia mama mtu mzima kwamba hajui simu aliona ni kumvunjia heshima. Akafanya kama anavyofanya siku zote: akamtumia dole gumba.

Jioni Mudathiri alikuja na mahindi ya kuchoma mawili. Aliuliza mbona kimya. Harieth alisema kichwa kinauma. Alimtazama usoni kwa muda, akisubiri.

"Una la kuniambia?" akamuuliza, na hapo alikuwa amekwenda mbali kuliko alivyoapa.

"Ninalo. Hindi lako linapoa."

Alisubiri Jumatano. Akasubiri Alhamisi. Ijumaa kanzu ilipita, Winnie akabebwa begani, na Harieth akaona kwamba anachezewa na mtu mpole, ambaye ni mbaya zaidi kwa sababu huwezi hata kumchukia. Apolonia, aliyemwona akishona na kufumua mshono uleule mara nne, alisogeza kiti chake.

"Muulize, mayu," alimwambia, kwa neno lile la Kisukuma la kumwita mwanamke kwa upendo.

"Anajua ninachosubiri."

"Mwanamume? Hajui hata mahali alipoweka bisibisi yake."

Harieth hakuuliza. Rafiki yake Veronica alikuwa amefungua chumba cha kushona sare huko Lagangabilili, karibu na ofisi mpya za wilaya, na alimtaka siku nyingi. Jumapili Harieth alifunga cherehani kwenye gunia, akamvalisha Winnie sweta. Alimwandikia Mudathiri maneno matatu: Nimeshajua. Tafadhali usinitafute. Kisha akaifunga namba ya Mudathiri isimfikie.

Mudathiri aliyasoma maneno hayo amesimama, na akakaa chini kwenye matope ya ujia bila kuangalia anakaa wapi. Alipiga simu mpaka betri ikazima. Alimuuliza Apolonia, Apolonia akasema amekatazwa kusema, akamgeuzia mgongo kwa sababu na yeye alikuwa analia. Wiki hiyohiyo mama yake alipiga kumwambia kwamba posa imepokelewa na watu wamefurahi. Posa gani, mama? Si ulikubali mwenyewe kwa dole. Alirudi kwenye ule ujumbe, akaubonyeza, nao ukasema kila kitu kwa sauti safi. Akadhani siku ile simu ilikwama tu.

Alikataa. Alikataa wiki ya kwanza na ya pili. Lakini kila alipomwambia mama yake kwamba ana mtu wake, mama aliuliza taratibu, yuko wapi? Wiki ya tatu usingizi ulikuwa umemwisha. Akasema fanyeni mnavyoona.

Pamba ilifunguliwa, magari ya marobota yakapita Lagangabilili yakidondosha nyuzi nyeupe barabarani. Harieth alikonda mpaka akapunguza magauni yake mwenyewe. Gauni la bluu alilifumua, akatoa sketi mbili za Winnie. Masomo hakuyaacha, huo ndio ulikuwa ukaidi pekee uliomsalia.

Alhamisi moja mchana alimpa Winnie simu atazame katuni ili yeye akate vitambaa. Mtoto akaanza kulia.

"Mama, haisemi. Wanafungua midomo tu."

Harieth aliongeza sauti. Hakuna. Aliizima, akaiwasha. Hakuna. Ndipo akasikia kitu kidogo, kama mdudu, ndani ya droo ya cherehani. Alipoivuta akaona taa ya bluu ya adapta imewaka. Ilijiwasha ilipogandamizwa na mkasi, na zile hedifoni zilikuwa zinaimba zenyewe, wimbo wa katuni mzima, gizani mle.

Alibaki ameishika droo. Winnie alikuwa anaitazama simu, anaibonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena. Mara ya tatu akaitabasamia kwa kukata tamaa.

Veronica alimwuliza kama amejikata. Harieth aliizima adapta, akatoka nje, akaifungua namba aliyoifunga, akapiga.

"Hari?" Sauti ilikuwa ileile, haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Mudi, ule ujumbe wa mama. Mwezi wa nne. Ulipoubonyeza mara tatu."

"Ulikuwa hauna sauti. Nilikuja kuusikia baadaye, umeshaondoka." Kisha akauliza: "Umejuaje kwamba ni mara tatu?"

"Adapta nilikuwa nimeivaa mimi."

Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Harieth alimsikia anavuta pumzi, kisha akasikia stuli inaburuzwa, mtu anakaa. Spika ya dawa ya panya ilikuwa bado inasema nyuma yake.

"Sikuifuta simu yangu kwenye adapta," alisema Mudathiri. "Mimi. Fundi mzima." Kisha, polepole: "Ukakaa na maneno hayo siku tano, Hari. Si ungeniuliza?"

"Nilidhani unajua."

"Na mimi nilituma dole bila kusikia." Akacheka, kicheko kibaya. "Nimeoa Ijumaa iliyopita."

Harieth alishika nguzo ya kibaraza. Alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima ya kutoka chumbani mpaka nje, hatua sita, na hazikutosha. Mudathiri alianza kusema dini yake inamruhusu, na Harieth akamwambia asimalizie, na hakumalizia. Kisha sauti nyingine ilisikika huko kibandani, ya msichana, ikisema chakula kitapoa, ikiuliza ni nani.

Mudathiri alijibu bila kuiondoa simu mdomoni.

"Ni Harieth. Ndiye niliyetaka kumwoa."

Sufuria iliwekwa chini. Harieth alisubiri matusi, akaona ni haki yake.

"Nipe," ilisema sauti, na sasa ilikuwa karibu. "Dada, shikamoo. Mimi Asumini."

"Marahaba."

"Mimi niliambiwa amekubali. Nilioneshwa lile dole kwenye simu ya mama yake, nikafurahi. Lakini huyu mtu halali, dada. Anakaa kitandani anatazama mlango. Nimekuwa nikijiuliza nimemkosea nini."

"Hujamkosea."

"Sasa nifanye nini?"

Harieth alimtazama Winnie mlangoni, simu ya Veronica mkononi, midomo imeshaanza kucheka tena. Maneno mengi yalimjia, na mengine yangempa alichokuwa anakililia miezi mitatu.

"Muulize kama anataka kukaa na wewe," alisema. "Leo, kabla hajala. Usingoje aseme mwenyewe."

"Na akisema hataki?"

"Utakuwa umesikia kwake. Si kwa mtu mwingine."

Asumini alishukuru, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Aliiweka simu mezani lakini hakuikata. Harieth akasikia kiti kinavutwa, akasikia maji yanamiminwa, watu wawili wanakaa.

"Mudathiri," alisema Asumini. "Niangalie mimi."

Kilichofuata kingekuwa jibu. Harieth alikuwa nalo sikioni, karibu kabisa, na mwili wake wote ulilitaka. Akabonyeza kitufe chekundu kabla halijatoka, akaingia ndani kumalizia kukata.