Mkono Uliokataa Kuosha Maiti

Yusufu alikutwa kifudifudi mbele ya tanuri lake la mikate, mtaani Keshero, kisogo kimepasuka. Unga uliochachuka ulikuwa umefurika beseni na kumwagika sakafuni.

Inspekta Émérance Kaswera aliinama. Jiwe jeusi la volkano, la kuzuilia mlango, lilikuwa na damu. Kwenye mshikio wa chuma wa tanuri kilinata kipande chembamba cha ngozi ya mtu. Alitazama mikono ya marehemu. Haikuwa imeungua.

"Nani alimukuta?"

"Ni mimi," alisema Jamila, mjane. "Na shangazi zake wameanza kuninong'ona. Wakimuzika bila muuaji kujulikana, watasema ni mimi."

"Juu ya nini wakuseme wewe?"

"Leo tulikuwa tunaenda kwa notaire, mwenye kuandika mikataba, mimi na yeye, kusaini. Hii biashara ya mikate ilikuwa iwe SARL, kampuni yenye kujibeba yenyewe. Biashara ikianguka, wadai wachukue mali ya kampuni tu. Nyumba ya mama mukwe ibaki. Watasema nilitaka yote ibaki yangu."

"Nani alijua?"

"Wote. Alitangaza jana, tukila."

Uani, Swedi, kaka wa marehemu, alikuwa haketi. Alihimiza wachimba kaburi, akarudi, akatoka tena, mkono wa kuume umezama ndani ya kanzu.

"Mama inspekta, sisi Waislamu hatulazi maiti. Daktari yenu ameisha kumupima. Mutuachie."

"Yusufu alikuwa na adui?"

"Yusufu? Hata mbwa ya jirani alikuwa anaitupia mukate!"

Maji yakaletwa, na pazia likafungwa. Binamu yao, Ridhwani, akatoka mbio.

"Jamila, Swedi anasema nioshe mimi! Mimi sijawahi kuosha mufu!"

Jamila akainua kichwa. "Swedi aliosha baba yao. Anaosha mpaka watu baki. Leo anamuacha ndugu yake?"

Inspekta hakungoja. Alimkuta Swedi nyuma ya nyumba.

"Papa Swedi, nipe mukono."

Akanyoosha wa kushoto.

"Wa kuume."

Akautoa polepole, umefungwa kitambaa.

"Uliungua na babula, jiko ya makaa, nyumbani."

"Fungua kitambaa."

Kiganjani palikuwa na mstari mmoja mnyoofu, umevimba, upana wa kidole.

"Babula ni ya duara, muzee. Hii ni alama ya mshikio wa tanuri. Ngozi yako tunayo. Daktari atalinganisha."

Swedi akatazama huku na huku, kisha akaketi chini.

"Alinisukuma kwanza. Nikashika chuma. Moto ukanipanda mpaka kichwani, nikaokota jiwe."

"Mulikuwa munagombania nini?"

"Volkano ilipomeza duka ya baba, tulianza tena wawili, mimi na yeye. Mimi nilikanda, yeye akachoma. Hakukuwa bosi. Jana alisema washiriki wa kampuni ni yeye na bibi yake Jamila, basi. Usiku kucha sikulala. Alfajiri nikamufuata, nikamuuliza: na mimi, nitakuwa nani?"

"Akajibu nini?"

Swedi alifuta uso kwa mkono wake mzima.

"'Nitakufanyia contrat ya kazi, kaka. Utakuwa mufanyakazi wa kwanza.' Alisema akicheka, mama. Alikuwa na furaha. Alifikiri ananipa kitu."

Inspekta alimfunga pingu, akashika mnyororo.

Maiti ilipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, uani wakainua jeneza. Swedi akasimama ghafla, bega limeinama tayari kubeba. Mnyororo ukamrudisha.