Kijiti cha Kuchimbia Viazi

Miaka michache baada ya uhuru, huko Giakanja, Waithira alikuwa akitoka shule anapitia shambani kwa nyanya yake. Alimwita Cucu. Kwa desturi yao, mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, basi wote wawili walikuwa akina Waithira, na Cucu alimwita mjukuu wake "mwenzangu". Cucu hakutaka jembe kwenye viazi vitamu. Alikuwa na kijiti chake kilichochongoka, akichokora viazi vikubwa na kuacha vidogo vikue.

Msimu wa mvua Cucu akateleza mteremkoni, akaumia goti. Baba yake Waithira, Mutahi, alikuja juu. "Mama, ati bado unataka shamba? Umri umeenda. Kaa uote jua!"

Cucu alicheka tu, na goti lilipopoa akarudi kwenye viazi vyake. Waithira akaingiwa na hofu. Je, akianguka tena? Siku moja alikichukua kile kijiti, akakificha ghalani nyuma ya magunia ya mahindi. Alijiambia kwamba ni mapenzi.

Lo! Cucu alikitafuta jikoni, uani, hata kwenye banda la mbuzi.

"Mwenzangu, umekiona kijiti changu?"

"Sijakiona, Cucu," Waithira alijibu akiangalia chini.

Tangu hapo Cucu akabadilika. Aliacha kukoka moto, akihofia kuusahau ukiwaka. Chakula alikigusagusa tu. Jumapili moja Waithira alimsikia akimwambia Mutahi, "Mwite ndugu yako Simeon aje kutoka Nanyuki. Nataka kuwagawia vitu vyangu nikiwa bado nawatambua. Kichwa changu kimeanza kuniacha."

Waithira alikimbia ghalani, akarudi na kijiti, machozi yakimbubujika.

"Cucu, hukukipoteza! Ni mimi nilikificha. Niliogopa utaanguka ufe. Nisamehe!"

Mutahi alitaka kugomba, lakini Cucu akamnyamazisha kwa mkono. Alikipapasa kijiti, akashusha pumzi ndefu, kisha akaangua kicheko mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Kumbe kichwa changu ni kizima! Ngai wangu, asante! Mutahi, mwache Simeon na kazi zake. Nileteeni uji, nina njaa."

Alipomaliza kikombe cha pili alimvuta mjukuu wake karibu. "Sikiliza, mwenzangu. Uzee siuogopi. Magoti yakiuma nitapumzika, yakipona nitainuka, hayo ndiyo maisha. Lakini ulinifanya nisijiamini mwenyewe, na hilo limenizeesha kuliko miaka yangu yote. Ukimhofia mtu unayempenda, mwambie usoni pake. Usimdanganye ati unamhurumia."

"Nimesikia, Cucu."

"Basi na mimi nimekusikia. Mvua ikinyesha sitashuka mteremkoni, na ukitoka shule tutachimba pamoja."

Aliinuka akiegemea bega la Waithira, akamtia kijiti mkononi.

"Haya, twende. Viazi havijichimbi."