KOMPYUTA MOJA, MIMI NA YODIT

Kofi lenyewe sikuona hata limetokea wapi.

Paaa!

"Mmemuua baba yangu!"

Tulikuwa mapokezi. Wagonjwa, manesi, mlinzi... macho yote kwangu. Aliyenipiga ni Bezawit, binti wa Gashe Lemma, "gashe" ndivyo tunavyowaita wazee kwa heshima, mzee wa figo aliyekuwa anakuja kusafishwa damu hospitalini kwetu hapa Addis mara mbili kwa wiki.

Alikuwa ameshika simu ya marehemu, akanisogezea usoni.

"Soma! Soma kwa sauti!"

Nikasoma. Meseji ya hospitali: Gashe Lemma, njoo Meskerem mbili.

Jamani! Zamu ya mzee ilikuwa mwezi uliotangulia, Pagume mbili, siku tano kabla!

Na meseji hizo hutumwa na programu niliyoiandika mimi.

"Haya semeni," akafoka Dokta Zerihun, mkuu wetu. "Nani kafanya hivi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya ushenzi wangu.

"Ni Yodit!"

Yodit alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Miaka sita tuko chumba kimoja cha kazi, tunakula sahani moja, ananilisha tonge kwa mkono wake. Nikamnyooshea kidole bila hata kupepesa macho.

Ngoja niwaeleze...

Chumbani kwetu kuna kompyuta moja tu ya maana. Lugha tunayoandikia programu tumeiweka humo kwa matoleo mawili, la zamani na jipya. Ripoti za Yodit ni za kizamani, hazikubali jipya. Programu yangu ya meseji inataka jipya, maana la zamani halijui kabisa Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu wenye siku tano. Ukiliandikia tarehe ya Pagume linarukia Meskerem, mwezi wetu wa kwanza, halilalamiki wala nini.

Kwa hiyo tulikubaliana: ukitumia la zamani, ukimaliza unarudisha jipya. Kwa mkono. Kwa kukumbuka tu!

Siku meseji zilipotoka, asubuhi Yodit ndiye aliyekuwa na ripoti. Sasa nani mwingine?

"Yodit, ulirudisha?" Dokta akamuuliza.

Yodit akaniangalia mimi, siyo Dokta.

"Nilirudisha."

"Muongo!" nikadakia. "Kila siku anasahau huyu, nimeshamkanya mara ngapi!"

Uongo mtupu. Sikuwahi kumkanya hata siku moja. Yodit akavua kitambulisho, akakiweka kaunta, akajitanda mabegani shuka lake jeupe akatoka.

Wagonjwa wengine waliopata meseji mbovu walikuja wenyewe kwa mazoea. Gashe Lemma alikuwa mtu wa kufuata maagizo, akangoja nyumbani mpaka akafa. Manesi nao hawakumtafuta, kwa sababu orodha yao inatoka kwenye kompyuta ile ile.

Siku tisa baadaye kamati ikataka ushahidi wa maandishi. Nikasema poa, kazi ndogo hiyo. Kompyuta huweka kumbukumbu: nani kabadilisha toleo, na saa ngapi. Nikafungua, kikombe cha kahawa mkononi, roho kwatu.

Saa tatu asubuhi: Yodit, la zamani.

Saa nne asubuhi: Yodit, jipya.

Alirudisha!!

Mstari wa chini yake...

Saa saba mchana: Fikirte, la zamani.

Fikirte ni mimi.

Ndipo nikakumbuka. Daktari mmoja alikuja mbio anataka ripoti, Yodit ametoka kula. Nikamsaidia, nikamtolea. Hapo hapo wenzangu wakaniita chini, kahawa imeiva. Na kwetu ukishakaa kwenye kahawa huondoki kabla ya kikombe cha tatu, ni kumtukana mpikaji. Vikombe vitatu, umbea, kicheko... Niliporudi, meseji zilikuwa zimeshajituma zenyewe.

Siwafichi, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nani angejua?

Nikakiondoa. Halafu nikaenda kwa Yodit.

Alifungua mlango, hakunikaribisha.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua?!"

"Niliposikia msiba tu, niliangalia. Nikakuta jina lako. Nikasema, Fikirte ataangalia naye, atasema mwenyewe."

"Mbona hukusema pale mbele ya watu?"

"Yule binti angekurarua. Nikakupa siku moja, Fikirte. Moja! Umechukua tisa."

Akafunga mlango.

Nikachapa ule ukurasa. Nakala moja kwa kamati, nyingine nikaipeleka kwa mkono nyumbani kwa Bezawit. Kofi sikuliogopa tena, nililitaka.

Akasoma, akarudia kusoma.

"Kwa hiyo ni wewe kweli."

"Ni mimi, dada yangu."

Hakunipiga. Alikaa chini pale pale kizingitini.

"Pagume mbili asubuhi baba alishavaa viatu," akasema. "Akaniambia, Beza, leo si ndiyo siku yangu? Nikamwonyesha meseji. Nikamwambia, hospitali haiwezi kukosea, baba, tulia... Nikamvua viatu kwa mikono yangu."

Nikaketi kando yake.

Kazi sina, kesi inaendelea. Yodit amerudishwa, ila simu zangu hapokei, na sina haki ya kumlaumu.

Nyinyi mnaokaa na matoleo mawili kwenye mashine moja, kila programu ifungieni toleo lake lisibadilike, msiachie kichwa cha mtu kikumbuke. Na wewe mwingine usiyejua hata kuwasha kompyuta: kabla hujamtaja mwenzio, soma kumbukumbu zote mpaka mstari wa mwisho. Mimi nilisoma mtu ameshazikwa.